Mkono Unaofungua Dirisha

4 Februari

Mume wangu, jicho langu,

Nimekaa upande wako wa kitanda, ule wa ukutani, ili usipoe. Mama yako amepita mlangoni akauliza, "Unaongea na nani humo?" Nikamjibu, naongea na mwanao. Alicheka mpaka akashika kiuno. Anasema ndoa changa ni kama chai ya moto, ukiikimbilia utaungua ulimi, na mimi nikamwambia, mama, acha niungue.

Jana ilikuwa Alhamisi. Mchana tu nilikuwa nimeshaoga na kuvaa gauni la maua. Wifi akaanza uchokozi wake: "Hivi wewe unakwenda kwa Mzee Antena kuangalia televisheni, au unakwenda kuolewa tena?" Nikamwambia nakwenda kuolewa tena. Na ndivyo ninavyojisikia, mume wangu, kila Alhamisi.

Unamjua Mzee Antena. Alikuwa juu ya bati anazungusha ule mti wake, sisi chini tunapiga kelele, "Hapo! Hapo! Aa, umepitiliza!" Sebule yake imejaa mpaka mtu amekaa juu ya cherehani. Mchezo wenyewe sikuufuata. Nani alimwibia nani shamba, sijui. Mimi nilikuwa nasubiri mwisho, pale kampuni yenu inapoweka nembo yake.

Ikaja. Zile kengele tatu, giza kidogo, halafu dirisha letu. Dirisha la chumba hiki hiki ninachoandikia! Mkono ukatokea pembeni, ukainua komeo, ukavuta bawa la kulia, likaja. Ukavuta la kushoto, likagoma. Watu wameiona nembo hiyo wiki ngapi, na bado sebule nzima ilibana pumzi. Watoto wakapiga kelele: "Vuta, mama, vuta!" Likaachia ghafla, nuru ikamwagika, picha ikatikisika kidogo, maandishi yakatokea: DIRISHA. Makofi!

Nikaficha mkono wangu chini ya mtandio, maana lile baka langu jeusi chini ya kidole gumba linaonekana waziwazi, na mkurugenzi wenu alisema asijue mtu ni mkono wa nani, uwe mkono wa kila nyumba. Fundi cherehani aliyekaa karibu nami akasema, "Yule mwanamke ana mkono wa baraka." Nilitaka kumbusu yule mama.

Hawajui kwamba picha ilitikisika kwa sababu ulicheka. Hawajui kwamba ile nuru wanayodhani ni jua la asubuhi ni wifi, usiku, amesimama nje ya dirisha juu ya pipa nyuma ya choo, ameinua taa kubwa na kulaani mbu wanaomla miguu. Wiki moja baada ya harusi! Nilikuwa bado naona haya kukuangalia usoni, ndiyo maana ukapiga picha mkono.

Niite nije. Chumba chochote, hata stoo ya filamu. Sina uzito, nitakaa juu ya makopo.

Wako wa kulia,
Mkono wako


16 Februari

Mkono wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mara nyingi mpaka mhariri wa picha, ninayekaa naye chumba kimoja, ametishia kuhama. Nimemwambia ahame, nitapata nafasi ya kukuweka.

Sasa nisikilize, maana hapa pana moto. Filamu ya nembo imechakaa. Inapitishwa kwenye mashine kila wiki, kila ikipita inakwaruzwa, na mistari myeupe imeanza kupita juu ya vidole vyako kama mvua. Nakala ya pili imeshika ukungu. Siku yoyote itakatika. Zaidi ya hayo kituo cha televisheni kinataka picha za rangi sasa.

Mdhamini wetu ni yule wa kiwanda cha sabuni. Mkurugenzi alipomwambia tutapiga picha upya, yule bwana aligonga meza: "Mkono ule ule! Mke wangu anaujua mkono ule kuliko anavyonijua mimi. Hata baka lile nalitaka." Mkurugenzi akasema anaye mpwa wake, ana mikono mizuri. Mpwa huyo ameolewa na mpiga picha mwenzangu, anayekitaka kiti changu tangu nilipokikalia. Kikao kizima kikanigeukia. Nikasimama, nikaapa mbele yao kwamba mkono nitauleta mimi, kabla ya mwisho wa Machi.

Nikiuleta, nathibitishwa kazini na tunapewa vyumba viwili nyuma ya studio, vina bomba lao. Nisipouleta, anaingia mpwa na mumewe anaingia naye, mimi natoka. Ndiyo hali yenyewe. Seremala ameshaanza kutengeneza dirisha kama letu. Nimemwagiza bawa la kushoto likwame, ananiona mwendawazimu.

Njoo katikati ya Machi. Simu ya ofisini hufunguliwa kwa ufunguo wa mkurugenzi na huko kwetu simu hakuna, basi barua ndiyo midomo yetu. Nijibu upesi. Na utunze mkono huo kama yai! Vyungu avisugue dada yangu, amezoea kulalamika.

Wako,
Jicho


2 Machi

Mume wangu mpenzi,

Usishangae mwandiko, ni wa wifi. Mimi nimelala nasema, yeye anaandika. (Ni kweli, kaka, na anasema haraka kama redio. Mkono umeshaniuma.)

Mimi sijambo, ila nachoka upesi. Barua yako nimesomewa, nikasomewa tena. Vyumba viwili na bomba! Nilishaanza kupanga pa kuweka meza. Lakini mwezi huu sitaweza kuja. Nakwenda hospitali kila Jumatatu na Ijumaa, si jambo la kutisha, ni dawa tu, inanitia kichefuchefu. Mama amenikataza kubeba ndoo, amenikataza kusogelea jiko. Ananilisha kwa kijiko na mimi naona haya. (Anaona haya lakini sahani anaimaliza.) Kulala nalala kwa ubavu wa kushoto tu.

Mwambie mkurugenzi asubiri kidogo. Mwambie mkono upo. (Hapa amejivutia shuka mpaka usoni. Nimemuuliza niandike nini, amesema acha hivyo hivyo.)

Huyo mpwa wa mkurugenzi, mikono yake ikoje? Vidole virefu? Wewe umeviona kwa karibu?

Nakupenda. Wifi, andika tena: nakupenda. (Nimeandika. Mimi ni karani tu, nisilaumiwe.)

Mkono wako

Kaka, hii ni yangu, yeye hajui, nimeiandika nikiwa nafunga bahasha. Nimeapishwa nisikwambie. Njoo uone kwa macho yako. Jambo lenyewe si la kufichika siku nyingi.
Dada yako


9 Machi

Mama wa mtoto wangu!

Ulidhani sitajua? Kichefuchefu, hospitali, ndoo marufuku, jiko marufuku, ubavu wa kushoto, halafu dada yangu ananiandikia kwamba jambo si la kufichika siku nyingi! Nilitoka mbio na barua mkononi, nikajigonga kwenye stendi ya taa, nikaikumbatia. Mhariri anasema sijawahi kumkumbatia yeye hivyo.

Nimemwambia kila mtu. Nisamehe, sikuweza kujizuia. Mkurugenzi, mtu ambaye hacheki, alicheka. Bwana wa sabuni ameleta katoni nzima ya sabuni ya watoto. Seremala ameacha dirisha, anatengeneza kitanda kidogo, na safari hii hakuna anayemwambia kitu kikwame.

Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, lakini sisi tunayo minne. Kwa hiyo usiogope safari. Nimeomba gari la kampuni likufuate tarehe 21. Dereva ni mtu mzima, mashimo anayapita kwa adabu. Utakaa mbele, mto mgongoni. Tutapiga picha asubuhi moja tu, dakika chache, halafu hurudi tena huko. Vyumba vimeshapakwa chokaa. Nimevichungulia.

Sijui kama ni wa kike au wa kiume na sijali. Nataka tu awe na baka kama lako.

Wako mpaka basi,
Baba mtu


14 Machi

Kaka,

Hakuna mtoto.

Nakuandikia mimi kwa sababu mkeo hawezi. Nilipomsomea barua yako alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, mpaka nikamwita mama. Mama akaisikiliza, akakaa chini mlangoni, akasema, "Mnamuua mwanangu kwa kumwonea huruma." Kisha akaniangalia mimi kama niliyemeza kuku wa jirani.

Usitume gari. Sijui niliandika nini mpaka wewe ukafika huko ulikofika. Huna akili, kaka, lakini na mimi pia sina. Zaidi ya hapo sisemi, niliapa kwa kaburi la baba, na wewe unajua baba alivyokuwa. Muulize mwenyewe. Muulize taratibu.

Dada yako


23 Machi

Wewe,

Barua ya dada yangu ilifika gari likiwa limeshaondoka. Sasa gari limerudi, kiti cha mbele kitupu na mto uko pale pale. Dereva anasema ulisimama nyuma ya dirisha, umelifungua nusu, umejitanda shuka mpaka shingoni kama mtu mwenye baridi wakati jua linawaka. Alikusalimia, ukamwitikia. Alikuomba utoke, ukasema, "Mwambie siji." Hukutoa sababu. Alikupa mkono kukuaga, hukuupokea. Anasema hajawahi kudharauliwa vile na mtu aliyelelewa.

Mtoto hakuna. Safari hakuna. Barua inaandikwa na mtu mwingine. Mimi hapa kila nikipita mtu ananiuliza mama mtoto hajambo, na katoni ya sabuni iko chini ya kitanda changu, inanukia chumba kizima.

Kama ndoa imekuchosha kabla haijapoa, niambie. Lakini niambie kwa mkono wako mwenyewe, si wa dada yangu. Mstari mmoja kwa mkono wako unanitosha. Au nao ni mzigo?

Kesho wanampiga picha mpwa wa mkurugenzi. Mimi ndiye nitakayeshika kamera. Nikimaliza kumpiga picha nitakuwa nimejifukuza kazi mwenyewe.

Mimi


28 Machi

Mume wangu,

Ulitaka mwandiko wangu. Ndio huu. Umepinda kama njia ya kuku kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Nimeanza asubuhi, na sasa mama anaanua nguo. Usiuchoke. Usome mpaka mwisho, nakuomba kwa magoti.

Ilikuwa Alhamisi, barua yako ya vyumba viwili ikiwa bado njiani. Nilikuwa nakaanga viazi, karai limejaa mafuta. Nilikuwa nimejichelewesha kwa kuoga na kuvaa lile gauni. Mara nikasikia kengele zinalia ng'ambo ya ukuta, kwa Mzee Antena. Nembo imeanza! Nikasema siwezi kuikosa, wiki nzima nimeisubiri. Nikalishika karai niliepue haraka nikimbie. Nikakanyaga maganda. Mafuta yote yakaja kwenye mkono wa kulia.

Unajua nilisikia nini? Sikusikia sauti yangu. Wifi anasema nilipiga yowe watu wakatoka majumbani, mimi sikumbuki. Nilisikia wale watoto: "Vuta, mama, vuta!" Kisha makofi. Kule mkono wangu unapigiwa makofi na huku mkono wangu unaungua, kwa wakati mmoja, mume wangu, ukuta mmoja tu katikati.

Baka halipo. Limekwenda na ngozi. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja na muuguzi anasema havitanyooka. Kidole gumba kinasogea kidogo. Ngozi ina rangi ambazo sijui nizitaje vipi. Pete ilikuwa kushoto, imepona. Dereva aliponipa mkono, ningempa upi? Mwombee radhi. Lile gari nililitamani mpaka nikauma shuka.

Sikukwambia kwanza kwa sababu niliamini dawa. Nikasema kabla ya katikati ya Machi mkono utakuwa umepona, nitakwenda, hatajua. Kila Ijumaa nilimuuliza muuguzi, "Baka litarudi?" Akadhani nimerukwa na akili. Halafu ukaja na mtoto. Nikwambie ukweli? Kwa muda kama wa kunywa chai nilimtaka mtoto huyo kuliko kitu chochote duniani, ili nikupe kitu badala ya mkono. Nikashika tumbo langu. Hamna kitu, mume wangu. Viazi tu.

Na jambo jingine nimelibeba peke yangu, hata wifi sijamwambia. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Kwanza uliniita Mkono. Kisha ukaniita Mama wa mtoto. Mwisho ukaniita Wewe. Mke hujaniita tangu uondoke. Najua mimi ndiye niliyeanza kusaini hivyo, ilikuwa raha yangu. Lakini mkono ulipoungua nikawaza, kilichoolewa ni kipi? Uliapa mbele ya kikao kwa kitu kilichokuwa changu, na sasa hakipo, na mimi bado nipo, na sijui kama mimi nilikuwa kwenye kile kiapo.

Kama ulitaka mke wa nembo, mchukue aliye na mikono mizuri, sitakutukana, nitalia tu. Kama unanitaka mimi, nipo. Bado nalala upande wako ili usipoe.

Mkeo,
kwa kushoto


8 Aprili

Mume wangu,

Hujajibu. Kila anayepita na baiskeli nadhani ni mtu wa posta.

Jana nilikwenda kwa Mzee Antena, mara ya kwanza tangu niungue. Mkono nimeufunga kitambaa. Watu wakanipisha nikae mbele, na huruma yao ilinichoma kuliko mafuta. Nilikwenda kumwangalia yule mpwa wa mkurugenzi. Nilijiambia nitautazama mkono wake mpaka mwisho, nitajikaza.

Kengele zikalia. Ukaja weusi. Tukangoja. Weusi tu. Dirisha halikutokea, wala letu wala la mtu. Mzee Antena akapanda juu ya bati akazungusha mti wake huku na huku, watu wanapiga kelele, "Bado! Bado!" Watoto wakasema "Vuta, mama, vuta," kwa sauti ndogo. Mzee akashuka jasho linamtoka, akaniambia mimi, "Binti, si kosa langu." Kwa nini aliniambia mimi? Amejua?

Wifi anasema labda filamu imekatika. Nimemwambia si filamu. Kuna kitu kimekupata. Unaumwa? Umenichukia? Niandikie hata tusi, nitalipokea kwa mikono miwili. Ona, hata maneno yananisahau.

Niandikie, niandikie.

Mkeo


11 Aprili

Mke wangu,

Mke wangu. Mke wangu. Ningejaza ukurasa, lakini nataka barua hii iwahi posta.

Barua zako mbili nimezipata leo, zote pamoja, kutoka kwenye droo ya mlinzi getini. Waliofukuzwa barua zao haziingii ndani, na mimi nilikuwa na uchungu hata sikwenda kuuliza. Nilidhani huna la kuniandikia. Nimezisoma nimesimama, mlinzi akanipa kiti chake, kisha akageuka akajifanya anahesabu magari barabarani. Hakukuwa na magari.

Nifuate taratibu. Siku ile ya mpwa wa mkurugenzi, wewe ukiwa hujaandika bado, niliweka kamera tayari. Ana mikono mizuri, sitasema uongo. Akainua komeo, akavuta bawa la kulia, likaja. Akavuta la kushoto, likaja! Likateleza kama siagi. Nikamgeukia seremala, akanijibu, "Mimi fundi, sitengenezi kitu kibovu." Mkurugenzi akamwambia mpwa wake, jifanye limekwama. Akajifanya. Tukarudia, akajifanya zaidi, akakunja na uso, na uso wenyewe haupigwi picha. Tukarudia mpaka taa zikachemka. Nikaona siwezi. Nilikuwa nimekukasirikia mpaka meno yananiuma, lakini siwezi. Nikaweka kamera chini nikasema, "Mkono si huo." Mkurugenzi akasema, "Basi nenda kautafute, na usirudi." Kamera ameshaichukua mume wa huyo mpwa, nembo mpya itaanza wiki ijayo.

Kwa hiyo vyumba viwili hatuna. Bomba hatuna. Nimekuwa nikilala chumbani kwa mhariri, na yeye ndiye aliyenitumia salamu leo nije getini. Wifi yako ana akili kuliko mimi, Alhamisi filamu ilikatika kweli, ndani ya mashine, pale pale bawa linapogoma. Mhariri alikiokota kipande akanitunzia. Ukikiinua kwenye mwanga utauona mkono umeshika, haujafungua bado. Niliapa kwa mkono huo bila kukuuliza. Wewe ulikuwa unaungua, mimi nilikuwa namwagiza fundi bawa likwame. Nimeandika mistari nikaikata, utaona wino ulivyochafuka hapo chini.

Pale sokoni kwetu yupo yule bwana wa picha za vitambulisho, aliwahi kuniambia nafasi ipo. Nitawapiga picha watu wasiocheka. Nitaanzia hapo.

Nasafiri Ijumaa. Jumamosi asubuhi nitakuwa juu ya pipa nyuma ya choo, pale aliposimama dada yangu, bila taa. Usijitande shuka. Fungua kwa mkono wowote.

Mumeo


Jumamosi, mapema

(Karatasi iliyobanwa kwa jiwe juu ya pipa)

Mume wangu,

Kama umefika na hujanisikia, usigonge, mama amelala, na wifi amesema mtu akimwamsha leo atamshikisha taa yeye. Pipa limeoza upande wa choo. Kanyaga katikati.

Nimevaa gauni la maua. Mikono yote miwili iko wazi, ule mzuri na ule mwingine. Ukiniona usianze na mkono, anza na mimi, halafu mkono utauangalia unavyotaka, tuna siku nyingi. Naogopa, lakini nimesimama.

Komeo nimeshalitoa. Bawa la kulia litakuja lenyewe. La kushoto sijaliweza tangu Februari, kwa mkono mmoja halikubali. Linafunguka kuja ndani, unakumbuka.

Wewe sukuma. Mimi navuta.